Pot-bagaji ya ferabeto ya mafundi wa Katuba: niliibebesha kambi nzima kutoka Lubumbashi mpaka mto Lufira

Naanza na hukumu ili mwenye haraka asisome yote: kama uko Lubumbashi na unataka kusafiri na kinga, yaani baiskeli, peke yako, na hema yako na sufuria yako na maji yako, nunua pot-bagaji (kile chuma cha kubebea mzigo nyuma) ya ferabeto, yaani nondo, kwa fundi sudire, mchomelea chuma, anayetengenezea wauza makala (mkaa), usihangaike na ile ya aluminyo ya dukani. Ni nzito, haina urembo wowote, itakuparuza mguu ukiisukuma vibaya, na bado nampa nyota 4 na nusu juu ya 5 na nitaeleza ile nusu imebaki wapi.

Watu wakisikia mtu anaenda Likasi na kinga wanauliza tu kinga ni ya aina gani, ina gia ngapi, imetoka Dubai ao China. Mi nasema angalia nyuma ya sele (kiti) kwanza. Kwa safari ya kulala porini mzigo wote unakaa pale, na barabara ikikutikisa kutwa nzima kitu cha kwanza kulegea si kadri (fremu), si pedale, ni ile chuma inayoshika mzigo. Ikivunjika uko katikati ya pori, hema iko chini, bido (dumu) ya maji imepasuka, na jua halikungojei.

Simama asubuhi mapema barabara ya Likasi ao ya Kasenga ao ya Kipushi utaona wenye pot-bagaji ninazoelezea. Wanaume wanasukuma makinga yenye mifuko ya makala miwili, mitatu, imesimama kupita kichwa chao, wametoka mbali sana maana miti ya karibu na mji imekwisha zamani, wengine wamelala njiani. Zile makinga ni zilezile nyeusi za chuma, pine (tairi) za 28, freni za fimbo, ambazo babu zetu waliendea kazini. Ila kabla hazijaingia kwenye kazi ya makala zinapita kwa fundi: anaondoa vibati vyote, anaongeza chuma kwenye uma wa mbele, anatoa pot-bagaji ya kiwanda iliyo kama waya na kuweka ya ferabeto. Hakuna aliyekaa ofisini kuchora hii kitu. Imerekebishwa miaka na miaka na watu ambao ikivunjika wanapoteza pesa ya chakula ya siku hiyo, njo maana naiamini kuliko karatasi yoyote ya garanti.

Sasa kuhusu utengenezaji. Fundi niliyemwendea anafanyia kazi chini ya mti huko Katuba, hapa Lubumbashi, posti ya sudire (mashine ya kuchomelea) moja, meza ya chuma, na ferabeto zimeegeshwa ukutani za 6, za 8, za 10, za 12. Nilimwambia, "Fundi, minataka ya kubeba hema na maji, haiko ya makala." Akaniangalia, akaiangalia kinga, akasema, "Makala ao maji, kilo ni kilo, yaya. Unaniambia tu ngapi." Nikamwambia kama 40. Akacheka kidogo, yeye amezoea zaidi ya mara mbili ya hapo.

Sakafu ya juu na miguu minne aliikata kwenye ferabeto ya milimita 10, vile vifimbo vya kuvuka katikati akaweka ya 8. Mita moja ya ferabeto ya 10 ina gramu 617, ya 8 ina karibu 395, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu mwenyewe kabla hajakata: yangu imekula kama mita sita za 10 na mita tatu za 8, yaani inakaribia kilo 5 ikiwa tupu. Ya aluminyo ya dukani haifiki hata kilo moja. Hapa njo mtu wa mizani atakimbia, lakini ngoja.

Miguu ya nyuma haikushikwa kwenye kadri, inaingia moja kwa moja kwenye akse ya gurudumu la nyuma na kubanwa na nati zake. Maana yake mzigo unashuka wima mpaka kwenye gurudumu, kadri haibebi karibu kitu, na hata bulo (bolti) dogo halipo la kukatika. Za dukani nyingi zinashikwa na bulo za milimita 5 na zimeandikwa mwisho kilo 25. Bulo za 5 kwenye barabara ya mashimo, na mzigo wa kilo 40! Haifai hata kujaribu.

Kitu nilichoomba cha ziada ni mabawa. Wa makala hawana shida nayo, wao wanapandisha mzigo juu na kusukuma, mi natakiwa kuketi na kupiga pedale, kwa hiyo uzito ukikaa juu kinga inayumba kila ukisimama kwenye pedale. Nikamwomba kila upande achomelee kikapu cha ferabeto kinachoshuka mpaka usawa wa akse, cha kuingia bido moja ya lita 5. Maji ndio kitu kizito kuliko vyote ulivyo navyo, lita 10 ni kilo 10 kamili, yakikaa chini kabisa kinga inatulia. Na akavisogeza vikapu nyuma kidogo ili kisigino kisigonge bido kila mzunguko, hili alilifikiria mwenyewe bila kuambiwa, alinikalisha kwenye sele nikapiga pedale hewani huku yeye amechuchumaa anaangalia mguu wangu. Upana wote akaupima na gido (usukani): usipite gido hata kidogo, maana pale gido inapopita wewe unajua utapita, ila nyuma huoni.

Kusubiri njo kulichosha. Delestaji. Umeme ulikatika tukiwa nusu ya kazi na mguu mmoja bado haujachomelewa, tukakaa, jioni ikaingia, kazi ikaisha kesho yake. Si kosa la fundi, lakini kama una tarehe ya kuondoka usiende kwake siku moja kabla.

Basi siku yenyewe. Niliondoka mwezi wa saba, saa kumi na moja na nusu alfajiri, na wanaojua Lubumbashi wanajua ile baridi. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari na usiku wa kiangazi unaweza kushuka chini ya digrii 10, vidole kwenye gido vinakufa ganzi kabisa mpaka jua lipande. Ila huo njo msimu wa kusafiri. Mvua zinaisha mwezi wa nne, hazirudi mpaka mwezi wa kumi mwishoni ao wa kumi na moja, porini pamekauka, hema hailowi, na upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, yaani ukielekea Likasi unakusukuma mgongoni. Kurudi ni habari nyingine!

Kilomita za kwanza nilikuwa nasikiliza. Pot-bagaji mpya kama imechomelewa vibaya itakwambia, inapiga kelele ya tik tik pale penye ufa. Yangu ilikuwa kimya, kelele pekee ilikuwa sufuria kugonga babula, nikasimama nikaweka kitambaa katikati. Nilibeba babula ndogo ya bati na makala ya kupika mara mbili, najua kuna majiko ya gesi ya kukunja lakini ile mikebe yake utaijazia wapi ikiisha, wakati makala yako kila kijiji.

Kufunga mzigo nilitumia mipira iliyokatwa kwenye shambre (tyubu) ya zamani, ile mirefu. Kamba ya nailoni inalegea mzigo ukijikunja, mpira unafuata. Na ferabeto ina yale mabonde-mabonde yake ya kiwandani, mpira ukizungushwa pale hautelezi hata ukiuacha kutwa. Hili sikulitegemea, na ya aluminyo kwa vile ni laini mzigo huwa unatembea kidogo kidogo nyuma mpaka unaning'inia. Kwa mi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Lumata, pale kwenye peaji ya kulipia barabara, nilifika jua limeshapata nguvu, nikanywa chai na mikate ya moto kwa mama mmoja mwenye meza kando, na watu wakaanza kuizunguka kinga. Hakuna aliyeniuliza kuhusu mimi. Wote walikuwa wanaishika pot-bagaji, wanaitikisa, wanauliza nani amesude, bei gani, vile vikapu vya pembeni ni vya nini. Muzee mmoja aliyekuwa anapumzisha kinga yake ya makala, imeegemezwa kwenye fimbo yenye panda kama wanavyofanya wote, akainama akapitisha kidole kwenye kila mshono. Alafu akaniambia, "Mutoto yangu, balitengeneza muzuri. Lakini hapa ku kona batie kachuma kengine, juu ku mashimo njo hapa inaanzaka kupasuka." Akanionyesha ile kona ambapo mguu wa nyuma unakutana na sakafu. Kwake ilikuwa na kipande kidogo cha pembetatu. Yangu haina. Nimeshukuru mpaka leo, maana hilo ni neno ambalo hakuna duka lingekuambia, na nimeshampelekea fundi neno hilo.

Baada ya Lumata ni makamio. Hii barabara njo mshipa wa shaba: malori yanashuka na shaba na kobalti kutoka Kolwezi na Likasi kwenda Kasumbalesa na Zambia, mengine yanapanda na mafuta, asidi, chokaa. Lami yenyewe ni nzuri kwa sehemu kubwa, shida ni kwamba malori mawili yakikutana hakuna nafasi ya mtu wa tatu. Likipita moja kubwa kwanza upepo unakusukuma nje, alafu mkia wake unakuvuta ndani. Na hapa uzito wa ile chuma ukanisaidia, kinga nyepesi ingechezeshwa, hii ilikuwa inasogea kidogo tu. Lakini sitaki mtu asome hapa ajione shujaa: ukiona makamio mawili yanakuja, toka lami, shuka kwenye udongo, simama, ngoja vumbi litulie. Weka kioo kwenye gido. Vaa kitu cha rangi inayoonekana. Kushuka lami kwa ghafla na kilo 40 nyuma njo mtihani mkubwa wa pot-bagaji yoyote, kuna mahali udongo uko chini ya lami kwa kiganja kizima, gurudumu la nyuma linaanguka "ko!" na kila kitu kinaruka. Nilifanya hivyo kutwa nzima. Hakuna mshono uliopasuka.

Pori la pande mbili kwa kilomita nyingi ni vichaka tu na visiki, miombo mikubwa imegeuka makala yetu ya kupikia bukari (ugali), na inauma kuiona kwa mwendo wa kinga, kwa gari unapita hujui. Vichuguu vimebaki, vile vikubwa vya kupita nyumba, na juu ya vingine bado kuna miti maana hakuna anayepanda kukata kule. Ukienda mbele zaidi kivuli kinaanza kurudi.

Saa sita hivi nikapata panchari, ya nyuma bila shaka, na hapa njo ile nusu nyota. Kwa sababu miguu ya pot-bagaji imebanwa kwenye akse, ukitaka kutoa gurudumu la nyuma lazima ufungue pot-bagaji pia, maana yake mzigo wote chini, nati zote, shene, freni, nusu saa hujaanza hata kuziba. Tena lazima uwe na kile (spana) ya nati za akse, usiondoke bila hiyo. Mafundi wa vijijini wana dawa yake: hawatoi gurudumu. Wanalaza kinga, wanafungua upande mmoja wa pine, wanavuta shambre nje pale penye tundu tu, wanakwangua, solisyo (gundi), kiraka, wanarudisha. Kijana mmoja kijijini alinifanyia hivyo nikiwa nimeshika mzigo usianguke, akamaliza kabla sijaanza kuhesabu muda. Ila siku shambre ikipasuka kabisa na kutaka kubadilishwa, utashusha kila kitu, hakuna ujanja. Nimemuuliza fundi kama anaweza kuweka miguu kwenye kisahani pembeni ya akse badala ya akse yenyewe, anasema inawezekana lakini mzigo utaanza kubebwa na kadri na ile faida ya kwanza inapotea. Kwa hiyo chagua. Mi nabaki na akse.

Nilikula hapohapo, bukari na samaki thomson na mboga ya lengalenga, kibanda cha mbao, mama anapika kwa moshi mwingi na mkono mtamu. Sitatoa nyota, nitasema tu nililamba vidole.

Mchana ulikuwa mrefu. Kwa mzigo ule na gia moja mwendo wangu ulikuwa kama kilomita 12 kwa saa kwenye tambarare, kwenye vilima nashuka nasukuma, kama wa makala, na hakuna aibu. Hapa nataka kueleza jambo la uzito, maana litamsaidia mtu hata akiwa na pot-bagaji tofauti. Ukipakia kila kitu nyuma, kwenye mlima gurudumu la mbele linakuwa jepesi na gido linaanza kucheza lenyewe, hasa ukiwa umechoka. Nilisimama nikahamisha unga na sufuria kwenye gido, mbele, nikaacha nyuma hema na blanketi juu, maji chini kwenye vikapu. Kinga ikatulia kabisa. Kama theluthi ya mzigo ikae mbele ukiweza, kizito kiwe chini, chepesi kiwe juu, na vya upande wa kulia vilingane na vya kushoto, maana bido moja ikiisha na nyingine imejaa utaendesha umepinda mpaka jioni. Kunywa kwa zamu, bido hii, bido ile.

Barabara inaanza kushuka taratibu kuelekea Lufira na pale njo siku inakuwa nzuri. Hewa inabadilika, kuna majani mabichi, wauzaji wa samaki wameanza kujipanga kando. Samaki wa upande huu wanatoka ziwa Tshangalele huko Kapolowe, ziwa ambalo halikuwepo mpaka bwawa la Mwadingusha lilipozuia Lufira, miaka ya 1930 huko. Nikanunua wawili wa moshi nikawafunga juu ya hema, na harufu yao imekaa kwenye lile turubai mpaka sasa.

Darajani nikasimama. Wazee wetu wanakumbuka Januari 1963, madaraja ya hapa yalikuwa yamebomolewa na askari wa Umoja wa Mataifa wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kuvuka mto ili wafike Jadotville, njo Likasi hii ya leo. Mi nilivuka nikisukuma kinga yenye unga na samaki, malori ya shaba yananipita, na nilitaka tu kusimama pale kwa dakika chache kabla jua halijazama.

Kulala. Nisikilizeni hapa: usiweke hema porini peke yako bila mtu kujua uko hapo. Si kwa sababu watu ni wabaya, ni kwa sababu hawajui wewe ni nani, na upande huu kuna makonsesyo ya migodi yenye walinzi, ukijikuta ndani ya mpaka wao usiku utaeleza mpaka asubuhi. Nenda kijijini, ulizia shefu, msalimie, mwambie unatoka wapi na unaenda wapi, omba mahali. Nilimwambia "Jambo papa shefu, minatoka Lubumbashi na kinga, minaomba tu nafasi ya kulala, hema iko nayo." Akaniuliza mara mbili kama kweli nimetoka Lubumbashi leo, akaita watoto wamwonyeshe huyu mtu wa kinga uwanja wa kanisa. Watoto wakafagia wenyewe. Mama mmoja akaleta maji ya kuoga ya moto. Nikawapa samaki mmoja, wakaleta bukari. Nikilala peke yangu porini ningelala na njaa zaidi na hofu zaidi.

Tena kiangazi ni msimu wa moto, watu wanachoma nyasi, na upepo ukigeuka moto hauulizi hema ni ya nani. Uwanja uliofagiwa ni usalama. Safisha hatua kadhaa kuzunguka hema mpaka udongo uonekane, na makala ya babula yamwagie maji kabla ya kulala.

Pot-bagaji nayo usiku ilifanya kazi. Fundi aliimarisha bekiye, ule mguu wa kusimamishia kinga, kwa ferabeto ya 12, hilo nilikuwa nimelisahau kulisema, ile bekiye ya kiwanda ingejikunja na mzigo huu. Kinga ilisimama yenyewe imebeba bado nusu ya vitu, nikaiegesha upande wa upepo, nikatandika blanketi moja juu yake na kuifunga kwenye vikapu, ikawa ukuta. Nyuma yake babula ikawaka bila kusumbuliwa. Sakafu ya juu ikawa meza ya kukatia nyanya. Kwa mtu anayesafiri peke yake kila kitu kinachofanya kazi mbili ni pumziko.

Baridi ile ya usiku, blanketi mbili hazikutosha, chukueni tatu.

Asubuhi kabla ya kupakia nilifanya kama yule muzee wa Lumata, kidole kwenye kila mshono. Kile nilichokuta: pentire imebanduka pale mipira iliposugua, kutu imeshaanza kuchungulia. Vikapu vyote viwili viko wima. Ile kona aliyonionyesha ina mstari mwembamba wa pentire iliyopasuka, chuma chenyewe chini yake kizima, lakini ndipo hasa alipotabiri. Njo tofauti ya chuma na aluminyo hii. Chuma kinaanza kwa kukuonyesha, kinajikunja, kinapasuka kidogo, unapata siku ya kufika kwa fundi. Aluminyo ikichoka na mtikisiko inakatika ghafla, na ikikatika kati ya Lumata na Lufira hakuna wa kuichomelea, inataka mashine ya gesi ya argoni na mkono unaojua, wakati bageti (fimbo ya kuchomelea) ya chuma na posti ya sudire utaikuta karibu na kila soko, mpaka Likasi, mpaka Kolwezi.

Kwa hiyo mambo ya kumwambia fundi ukienda. Mwambie aweke kile kipembetatu ku kona, zote nne, asikatae. Mwambie apige mshono kuzunguka chuma chote, si alama mbili tu za kushikilia, wengine wakiona haujui wanafanya hivyo ili kuokoa bageti. Mwambie asichomelee chochote kwenye kadri yenyewe, moto unaiua. Leta kinga yako ukiwa na viatu utakavyosafiri navyo, ili apime kisigino. Pentire omba ya kuzuia kutu kwanza, ile nyekundu, alafu rangi unayotaka. Miisho ya ferabeto aikunje ndani ao aisage, mguu wangu wa kulia una mkwaruzo unaonishuhudia. Na gurudumu lako la nyuma liwe na reyo (spoki) 36 ao zaidi, zote zimekazwa, maana pot-bagaji hii haitavunjika, kitakachovunjika kitakuwa kingine.

Bei nililipa dola 25 na vikapu na bekiye, kazi na chuma pamoja, bila vikapu itashuka. Mlipe nusu kwanza, nusu ukiijaribu. Nenda asubuhi wakati umeme upo, ao muulize fundi kwanza kama anafanya kwa jenereta.

Mi nimeshaacha oda ya ya mbele, ndogo, ya ferabeto ya 8, ya kushika bido moja kila upande wa uma, na kipembetatu ku kila kona safari hii. Ikiisha natoka Likasi kwenda Kolwezi, karibu kilomita 180 nyingine, kabla mvua hazijarudi.